Rangi Iliyomo Katika Ganda la Kitunguu: Hotuba Kuhusu Kwesetini

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, vijana wa kemia, nanyi mliokuja kwa sababu tu mna chupa ya vidonge nyumbani na mnataka kujua kilichomo: karibuni.

Kabla sijaenda mbali, tazameni hizi sufuria mbili mezani. Zote zina maji yaliyochemshiwa maganda makavu ya vitunguu, yale ya nje kabisa ambayo huwa tunayatupa. Maji ni yale yale, nimeyagawa nusu kwa nusu. Sasa natumbukiza kipande cha kitambaa cha sufu katika kila sufuria. Hiki cha kwanza kililala usiku kucha katika maji ya shabu, ambayo ni chumvi ya alumini. Hiki cha pili kililala katika maji yenye chumvi kidogo ya chuma. Moto uko chini. Tuviache, tutavirudia.

Kampaundi inayofanya kazi kubwa humo ndani inaitwa kwesetini. Ni ya ukoo wa flavonoidi, ukoo mpana wa kampaundi za mimea ambazo wanakemia wamekwisha kuzitambua kwa maelfu. Jina la ukoo limetokana na neno la Kilatini flavus, njano. Jina la kwesetini yenyewe limetokana na quercus, mti wa mwaloni, na lina historia yake. Katika karne ya 18, Edward Bancroft, mwanakemia mzaliwa wa Marekani, alipeleka Uingereza gome la mwaloni mweusi wa Amerika Kaskazini, likatumika sana kutia nguo rangi ya njano. Kwa hiyo kabla haijaitwa dawa, kampaundi hii ilikuwa rangi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu tabia ile ile inayoifanya ishike kitambaa ndiyo itakayotusaidia kuelewa inavyoenenda mwilini.

Niruhusuni niichore kwa maneno. Molekuli moja ya kwesetini ina atomi 15 za kaboni, 10 za haidrojeni na 7 za oksijeni. Kaboni nyingi zimejipanga katika pete tatu. Pete A na pete C zimeshikana ubavu kwa ubavu, kama vyumba viwili vinavyotumia ukuta mmoja. Pete B imening'inia pembeni kwa kiungo kimoja tu. Kuzizunguka kuna vikundi vitano vya hidroksili, yaani oksijeni iliyobeba haidrojeni: viwili kwenye pete A, kimoja kwenye C, na viwili kwenye B, vimekaa bega kwa bega. Naomba muwakumbuke hao majirani wawili wa pete B. Karibu kila sifa na karibu kila lawama mtakayoisikia leo inaanzia kwao.

Ukiishika mkononi ni unga wa njano. Uzito wake ni gramu 302 kwa moli, kipimo ambacho wanakemia huhesabia molekuli. Joto inalistahimili mpaka zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, lakini majini haiyeyuki ila kidogo mno. Katika alkoholi inayeyuka vizuri zaidi. Katika maji yenye alkali inayeyuka, ila hapo haikai: ikikutana na hewa huanza kuvunjika. Mliowahi kufanya kazi ya kuotesha seli maabara, litunzeni hili la kuvunjika, nitawarudia.

Sasa tuingie kwenye neno ambalo limeandikwa kwenye kila kopo: antioksidanti. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni moja iliyokosa mwenzi. Haina utulivu, hunyang'anya inapopita, na kila inayemnyang'anya hugeuka mnyang'anyi. Kwesetini huingia katikati na kutoa haidrojeni yake moja, hasa kutoka kwa wale majirani wa pete B. Inakatisha mnyororo. Lakini je, yenyewe haigeuki mnyang'anyi? Hugeuka, ila dhaifu sana, kwa sababu elektroni iliyobaki peke yake haikai mahali pamoja. Inatandazwa katika pete zote kupitia kifungo maradufu kilichomo kwenye pete C, kama mzigo uliobebwa na watu wengi. Hapo ndipo uzuri wa umbo hili unaponigusa mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kulichora ubaoni.

Ila hesabu haiishii hapo. Kwesetini ikitoa haidrojeni ya pili, hugeuka kitu kiitwacho kwinoni, na kwinoni nayo ina njaa yake. Hutafuta vikundi vya salfa vya protini au vya glutathioni, ambayo ni mlinzi wa seli zetu, na kujibandika hapo. Ni kama mtu aliyelipa deni kwa kukopa kwingine. Glutathioni ikiwa ya kutosha, deni linalipika bila kelele. Ikiwa haba, kile tulichokiita mlinzi chaweza kudhuru. Kwa hiyo kila ninaposikia kampaundi inaitwa antioksidanti kana kwamba hilo ni kabila lake la kudumu, moyo hunisononeka. Ni kazi inayoifanya katika mazingira fulani, na mazingira yakibadilika inafanya nyingine.

Vitambaa vimekaa vya kutosha. Navitoa.

Tazameni. Hiki cha shabu kimekuwa cha njano ya dhahabu. Hiki cha chuma kimekuwa kijani cheusi, karibu na rangi ya zeituni. Maji yalikuwa mamoja, maganda mamoja, moto mmoja. Kilichotofautiana ni metali tu. Oksijeni za kwesetini zinapokaa jirani, huikamata atomi ya metali katikati yao kama gando la kaa linavyobana. Majirani wa pete B ni gando moja. Kuna magando mengine mawili karibu na oksijeni ya pete C. Alumini ikibanwa, molekuli hunyonya mwanga kwa namna moja. Chuma kikibanwa, kwa namna nyingine. Nanyi mnaona tofauti kwa macho yenu bila mashine yoyote.

Mwilini jambo hilo lina pande mbili. Chuma na shaba zikiachwa huru huchochea kutengenezwa kwa radikali kali kuliko zote, ile ya hidroksili. Kwesetini ikizibana, inazuia moto kabla haujawaka, na pengine kazi hii ni kubwa kuliko ile ya kuzima uliokwisha kuwaka. Lakini chuma kilichobanwa tumboni pamoja na chakula hakiingii damuni kirahisi. Mwenye upungufu wa damu alielewe hilo kabla ya kumeza kidonge cha kwesetini sambamba na kidonge cha madini ya chuma.

Sasa tuache maabara, tuiulize mimea. Mmea hautengenezi kwesetini kwa ajili yetu. Unaitengeneza kujikinga na jua, kwani kampaundi hii hunyonya miale ya urujuanimno, na kusimamia ukuaji wake wenyewe. Ndiyo maana hujaa kwenye sehemu zinazoliona jua: ganda la tufaha kuliko nyama yake, jani la nje kuliko kiini, matabaka ya nje ya kitunguu kuliko ya ndani. Anayemenya kitunguu matabaka mawili ya nyama kwa kutaka weupe ametupa fungu lililo bora. Na anayekichemsha kisha akamwaga maji amemwaga pamoja nayo sehemu nzuri ya kilichobaki.

Ndani ya mmea ni nadra kuikuta kwesetini ikiwa peke yake. Karibu kila mara imefungwa na sukari. Katika kitunguu imefungwa na glukosi. Mahali pengine, kama katika majani ya chai, mara nyingi imefungwa na sukari pacha, nayo huitwa rutini. Mtu atasema, sukari ni sukari, kuna tofauti gani? Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walitoa jibu ambalo lilinishangaza nilipolisoma kwa mara ya kwanza. Walishirikiana na watu 9 wenye afya njema ambao utumbo wao mpana ulikuwa umekwisha kuondolewa, hivyo iliwezekana kupima kile ambacho utumbo mwembamba haukukifyonza. Kwesetini ya kitunguu, iliyofungwa na glukosi, ilifyonzwa kwa asilimia 52. Kwesetini tupu, ile ya unga safi, asilimia 24. Rutini, asilimia 17. Wengi wetu tungedhani kwamba unga safi ndio ungeshinda. Kumbe mmea ulishaifunga vizuri kuliko sisi.

Sababu ni kwamba kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya, kile kile kinachosaga sukari ya maziwa, kinachoweza kuikata glukosi na kuiacha kwesetini ipenye. Rutini hakiiwezi. Hiyo huteremka mpaka utumbo mpana, ikawangoja bakteria. Ndiyo maana kwesetini ya kitunguu hufikia kilele damuni chini ya saa moja, na ile ya rutini baada ya saa 9 hivi.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye jambo lililonileta mbele yenu.

Kwesetini haivuki ukuta wa utumbo ikabaki kwesetini. Seli za utumbo huibandika asidi ya glukuroni, au salfati, au kikundi cha methili. Kilichoponyoka hapo hukutana na ini, nalo huendeleza kazi. Na wapi panabandikwa? Mara nyingi palepale, kwenye wale majirani wa pete B. Yale magando mliyoyaona yakibana chuma sasa yamevishwa kofia. Haidrojeni iliyokuwa ikitolewa sadaka imezibwa. Kinachozunguka damuni si kile kilichoandikwa kwenye chupa. Ni vitoto vyake, vyenye tabia zao. Na kiasi chake ni kidogo: baada ya mlo wa kawaida, jumla yake yote haifiki mikromoli moja kwa lita ya damu.

Sasa chukueni majaribio mengi yanayosambazwa, yale ya "kwesetini yaua seli za saratani", "kwesetini yazuia virusi". Someni sehemu ya mbinu. Mtakuta seli zilizo kwenye sahani zimemwagiwa kwesetini tupu, isiyo na kofia, kwa mikromoli 10, 50, wakati mwingine 100. Seli hizo haziwezi kukutana na hali hiyo ndani ya mtu aliye hai anayekula vitunguu. Na bado kuna tatizo la pili, lile nililowaambia muweke akilini: ndani ya maji ya kuoteshea seli kwesetini huvunjika, na katika kuvunjika hutoa haidrojeni peroksidi. Basi seli imekufa kwa kwesetini, au kwa peroksidi? Tena kwa viwango hivyo molekuli zake hujikusanya vifundo vifundo, zikashikilia protini ovyo ovyo, mtafiti akadhani amepata ufunguo uliotoshea kitasa kumbe amemwaga gundi. Si kwamba watu wanadanganya. Wengi ni wakweli na wana bidii. Kosa ni kuyaruka masafa yaliyo kati ya sahani na damu kana kwamba ni hatua moja.

Historia imeshatuonyesha mruko kama huo. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria ambaye mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake kuhusu uunguaji wa chakula mwilini na vitamini C, aliripoti pamoja na wenzake kwamba flavonoidi za ndimu na pilipili zinaimarisha mishipa midogo ya damu. Wakaziita vitamini P. Lakini vitamini ni kitu ambacho ukikikosa unaugua ugonjwa wake, na ugonjwa wa kukosa flavonoidi haukupatikana. Kufikia mwaka 1950 wanasayansi wa lishe wa Marekani walipendekeza jina hilo liachwe. Liliachwa katika sayansi. Kwenye matangazo lingali hai.

Je, nasema basi kwamba kwesetini haina faida? Hapana, na ningekuwa siwatendei haki nikiishia hapo.

Utafiti wa Zutphen huko Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1993, uliwafuatilia wanaume 805 wenye umri wa miaka 65 hadi 84 kwa miaka 5. Waliokula flavonoidi nyingi, zaidi kutoka kwa chai, vitunguu na matufaha, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko waliokula kidogo. Wastani wa ulaji ulikuwa miligramu 26 tu kwa siku. Kweli, mtu anayekula matufaha huenda ana mazoea mengine mema pia, na utafiti wa kutazama hauwezi kuyatenganisha yote. Lakini tafiti zilizofuata zimeelekea upande huo huo mara nyingi vya kutosha kunifanya nisizipuuze.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi ni wa shinikizo la damu, kwa sababu huo umepimwa kwa watu, nusu ya muda wakipewa kidonge chenye kwesetini na nusu kidonge tupu, bila kujua kipi ni kipi. Katika jaribio la Utah, Marekani, lililochapishwa mwaka 2007, watu wenye shinikizo la damu la daraja la kwanza walimeza miligramu 730 kwa siku kwa wiki 4. Kipimo cha juu kilishuka kwa milimita 7 za zebaki, cha chini kwa 5. Kwa wale ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo tu, hakikushuka kitu. Majaribio mengine yalipojumlishwa, mshuko ulikuwa mdogo zaidi, milimita 3 hivi, na ulionekana hasa kwa dozi zinazozidi miligramu 500 kwa siku. Ukitaka miligramu 730 kutoka kwa vitunguu vya kawaida, utakula kilo mbili au tatu kila siku. Hapo tumeondoka kwenye chakula, tumeingia kwenye dawa, na dawa ina masharti yake.

Kuhusu mzio, kwenye sahani kwesetini huzuia seli kumwaga histamini, ile kemikali inayoleta dalili za mzio, na wengi huinunua kwa tumaini hilo. Kwa watu ushahidi bado ni mwembamba. Lakini kuna mfano wa jirani unaonipa moyo. Mmea Ammi visnaga una kampaundi iitwayo kelini, ambayo imejengwa juu ya jozi ya pete inayofanana na A na C za kwesetini. Kutokana nayo, daktari Roger Altounyan, aliyekuwa na pumu na akijijaribia mwenyewe, alifika mwaka 1965 kwenye kromoglikati ya sodiamu, dawa ya pumu iliyosaidia watu wengi. Mmea ulitoa wazo. Kemia ikalifanyia kazi miaka. Dawa ikaja mwishoni, ikiwa na umbo jingine.

Na lipo jambo jipya. Tangu mwaka 2015 watafiti wa Marekani wamekuwa wakiiunganisha kwesetini na dasatinibu, dawa ya saratani ya damu, ili kuziondoa seli zilizozeeka, zile zilizoacha kugawanyika lakini zikagoma kufa. Jaribio la kwanza kwa watu, mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu. Walimeza dozi kubwa siku tatu kwa wiki, kwa wiki tatu, kisha wakaacha. Walitembea vizuri zaidi kuliko walivyoanza. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo ni mlango uliofunguliwa kidogo tu. Nautaja kwa sababu hapo kwesetini haitafutwi kama antioksidanti hata kidogo. Inatafutwa kama kitu cha kuzima njia zinazozifanya seli hizo zikatae kufa.

Usalama. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba kwesetini hubadili jeni za bakteria maabarani, na mwaka 1992 panya dume waliolishwa kwa wingi mno walipata uvimbe wa figo. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka katika kundi la tatu: haiwezi kuainishwa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa watu wazima wenye afya, dozi za hadi gramu moja kwa siku kwa wiki chache zimevumilika vizuri. Hofu yangu kubwa iko kwingine.

Kwenye kuta za utumbo na figo kuna pampu zinazotupa dawa nje, na kwenye ini kuna vimeng'enya vinavyozivunja. Kwesetini nyingi huziziba baadhi ya pampu hizo na kuvipunguza kasi vimeng'enya. Mwaka 2004 lilichapishwa jaribio ambamo nguruwe walipewa digoksini, dawa ya moyo, pamoja na dozi kubwa ya kwesetini. Wawili kati ya watatu walikufa ndani ya nusu saa. Dozi ile ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote mwenye akili timamu, lakini digoksini ni dawa ambayo nafasi kati ya kuponya na kuua ni finyu.

Aliwahi kunijia mama mmoja, mtu mzima wa heshima, akiwa na chupa ya kwesetini mkononi. Alikuwa ameacha dawa za presha kwa mwezi mzima akategemea vidonge hivyo, kwa sababu ni vya mmea. Tulimpima. Sitawatajia namba, ila tulimkalisha na hatukumruhusu aondoke peke yake. Aliniambia, "Mwanangu, si imeandikwa ni asilia?" Sikuwa na jibu la haraka siku ile. Jibu ndilo hili ninalowapa leo, nalo nilimpa yeye baadaye, tukiwa tumekaa, kwa saa nzima.

Mtaniuliza basi, nimeze au nisimeze? Kula vitunguu, matufaha na ganda lake, mboga za majani. Hapo sina shaka yoyote. Aliye mzima sijaona sababu ya kumpa kidonge. Mwenye presha asiache dawa yake hata siku moja, na akitaka kuongeza kwesetini amwambie daktari kwanza. Anayetumia digoksini, wafarini ya kuzuia damu kuganda, au siklosporini ya aliyepandikizwa kiungo, asiiguse mpaka daktari wake aseme. Mjamzito na anyonyeshaye wabaki kwenye chakula.

Vitambaa viko mezani, vinakauka. Njooni muviguse, na vijana wa kemia mje na maswali kuhusu lile gando la tatu, maana sikulieleza ipasavyo. Ahsanteni sana.